Mama Kisanduku na mikono iliyokwenda mbio

Saa moja kasoro robo, Jumamosi asubuhi. Uani watoto wapatao thelathini wanazozana, wanataniana na kusimuliana mambo ya wiki nzima, lakini kinachosikika ni viatu vyao tu kwenye kokoto. Hii ni shule ya bweni ya watoto viziwi, na maneno yote yako mikononi.

Ndani ya chumba cha kompyuta, mwanamke wa miaka hamsini na minne anavua vitambaa vilivyofunika mashine, moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayewaamsha wagonjwa. Vitambaa hivyo alivishona mwenyewe kutokana na mapazia ya bweni yaliyochakaa. Mashine ziko kumi na nne. Zinazowaka ni tisa.

"Hizi tano ni spea," anasema. "Juzi hii ya kona imetoa feni yake, nikaipa ile ya dirishani. Sasa ya dirishani inapumua vizuri."

Anakaa, anafungua somo la 140. Kwenye skrini inatokea picha ya kikombe na pembeni yake mikono miwili iliyochorwa, iliyovaa sweta ya buluu. Anabofya kikombe. Ile mikono inainuka na kufanya ishara ya "Unataka maji?" Anaitazama mara tatu, anaandika namba kwenye daftari la mraba, kisha anabofya tena.

"Sasa imetulia," anasema. "Jana ilikuwa na hasira kidogo."

Watoto wamempa jina la ishara: kidole kinachora mraba hewani, kisha ngumi inaugonga mraba huo kama mlango. Wazazi wanaosikia wamelitafsiri jina hilo kuwa Mama Kisanduku, na hata barua za shule siku hizi humfikia kwa jina hilo. Kwenye karatasi za ajira cheo chake bado ni mtunza stoo. Chumba cha kompyuta alikabidhiwa miaka kumi na tisa iliyopita kwa sababu funguo zote zilikuwa kwake.

Kazi anayoifanya asubuhi hii haimo kwenye karatasi hizo. Anayafufua masomo 212 yaliyokufa kwenye mtandao. Amemaliza 140. Yamebaki 72, na ana wiki sita. Siku ya kufunga shule seva ya zamani, kompyuta inayobeba ukurasa wa shule, itazimwa, na somo lolote ambalo halijathibitishwa halitahamishwa kwenye ukurasa mpya. Wazazi walio mbali hawataliona tena.

Masomo hayo yalitengenezwa na mwalimu ambaye sasa amestaafu. Watoto wa zamani walimwita kwa kugusa meno ya mbele, kwa hiyo hapa tumwite Mwalimu Mwanya. Aliona jambo lililomkera. Wazazi wengi wa watoto wake wanasikia, na hawajui lugha ya ishara. Mtoto alikuwa akienda nyumbani likizo na kukaa wiki nne bila mtu wa kuzungumza naye.

"Mtoto anarudi shuleni amenenepa, lakini mikono imezubaa," anakumbuka mwalimu huyo. "Nikasema, basi na wazazi nao waende shule."

Kwa miaka minne, kila siku baada ya vipindi, aliketi na mwanafunzi wa chuo aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi akabaki kumsaidia. Kijana alipiga picha mikono ya mwalimu, wakaichora juu ya picha hizo, mchoro baada ya mchoro. Mzazi angefungua ukurasa wa shule, abofye kikombe, kitanda, mvua au daktari, na mikono ingemwonyesha la kusema. Angeweza kuirudia mara mia na isichoke.

Kilichoiwezesha mikono hiyo kuchezacheza ilikuwa programu ndogo ya nyongeza iliyokaa ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Miaka ile karibu kila mchezo na kila somo la kubofya mtandaoni liliitegemea. Kisha ikaonekana imezeeka na ina mianya ya kuingiza wezi. Wenye nayo wakaiacha, na vivinjari vyote vikaikataa.

Shuleni hakuna aliyejua habari hiyo. Asubuhi moja Mama Kisanduku aliwasha mashine akakuta mahali pa mikono pana kisanduku cha kijivu, kitupu. Akajaribu ya pili. Kijivu. Ya tatu. Kijivu.

"Nilimvaa mfagiaji," anakiri, na hapo anafunika uso kwa kitambaa cha kompyuta. "Nilimwambia, wewe na ufagio wako mmeng'oa waya. Maskini ya Mungu, akalala chini kifudifudi anatafuta waya ambao haukung'oka. Nilipojua ukweli nilimfuata mpaka kwake kumwomba radhi. Alicheka. Akaniambia, mama, mimi mwenyewe nilishaamini ni mimi."

Kwa muda walitegemea mashine moja kongwe ambayo haikuwa imeunganishwa na mtandao, kwa hiyo haikupata habari za kifo hicho. Watoto waliiita Bibi. Wazazi walipanga foleni mbele ya Bibi kila Jumamosi, wengine wakitoka safari ya saa nne. Siku moja Bibi ikatoa harufu ya plastiki, moshi mwembamba ukapanda, ikazimika kabisa.

Mama Kisanduku hakusomea kompyuta. Anajua kufungua, kufuta vumbi, kubadilisha na kufunga. Lakini anajua pia kuuliza, na wala haoni haya. Aliandika kwenye kurasa za mafundi mtandaoni: nina masomo ya watoto, yamegeuka kijivu, nani anajua dawa?

Wiki ya pili akajibiwa. Kumbe kulikuwa na watu, kila mmoja na nchi yake, wanaoandika kwa hiari programu inayojifanya kuwa ile iliyokufa. Inalisoma faili la zamani na kulichezesha kama mwanzo, bila ile mianya ya wezi. Mafundi huita programu ya namna hiyo emuleta. Ni programu huria: hainunuliwi, na maandishi yake ya ndani yako wazi, yeyote akayasome, ayarekebishe, awape wengine.

"Nilisoma mara mbili nikitafuta mahali pa kulipia," anasema. "Sikupaona. Nikasema, hapa kuna mtego."

Hakukuwa na mtego. Kulikuwa na mtu mmoja anayejiita, kwa lugha yake, Kijiko. Mpaka leo hawajawahi kuonana wala kusikiana sauti. Huandikiana kwa msaada wa mashine ya kutafsiri, ambayo mara moja ilimwita Mama Kisanduku "bibi sanduku la mizigo", na tangu siku hiyo Kijiko humsalimu hivyo makusudi.

Emuleta ilikuwa bado changa. Masomo mengine yalifunguka bila vidole gumba. Mengine yalionyesha sweta bila mikono. Kazi ya Mama Kisanduku ikawa kubofya kila kitufe cha kila somo na kuripoti. "Somo la 31, mkono wa kushoto haupo." "Somo la 58, mbwa anatokea juu ya daktari." Alituma ripoti 340 kwa mwaka mmoja. Kijiko na wenzake walizipokea zote, na kwa kila moja waliandika asante. Alizihesabu hizo asante pia, na anasema hazikupungua hata moja.

Kulikuwa na kasoro nyingine iliyomsumbua. Mikono ilikwenda kwa kusitasita. Aliangalia ndani ya faili, kama alivyofundishwa, akaona imeandikwa kuwa picha ishirini na nne zipite kila sekunde. Emuleta ilikuwa haifiki nusu. Akaripoti kwamba inaburura miguu. Akaripoti tena, mara kumi na moja. Kijiko alifanya kazi wiki mbili akiiongezea mbio, mpaka siku moja mikono ikapita laini kama maji.

"Niliruka," anasema. "Nilimwita mkuu wa shule aje aone. Tukapiga makofi. Yaani mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nilishangilia balaa."

Masomo yakarudi kwenye ukurasa wa shule, tena sasa yanafunguka hata kwenye simu. Wazazi wakafurahi. Aliyefurahi kupita wote alikuwa baba mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye binti wa miaka saba ambaye ndio kwanza alikuwa ameingia shuleni. Kwa wiki mbili fundi huyo alijifunza karakanani, simu ameiegemeza kwenye mtungi wa gesi, akirudia ishara kila alipovua miwani ya kazi.

"Wenzangu walidhani nafukuza nyuki," anasema fundi, mtu mpana mwenye sauti ndogo. "Nikawaambia, cheka tu. Jumamosi naongea na mwanangu."

Jumamosi ikafika. Alimkuta binti yake uani, akapiga goti, akafanya ishara alizozikariri: njoo, ukae na mimi.

Mtoto alirudi nyuma hatua mbili. Akakaa chini pale pale aliposimama, mbali naye, na mikono yake akaificha mgongoni. Kwa mtoto kiziwi, kuificha mikono ni kufumba mdomo.

Fundi alidhani amekosea. Akarudia, kwa bidii zaidi, kama simu ilivyomfundisha. Mtoto akaanza kulia.

Aliyeona yote hayo alikuwa mpishi wa shule, kupitia dirisha la kupakulia chakula. Mpishi ni kiziwi tangu kuzaliwa, na yeye mwenyewe alisoma hapo hapo. Alitoka na mikono imelowa, akampita fundi, akamwinua mtoto. Kisha akaenda chumba cha kompyuta, akapiga mguu sakafuni ili Mama Kisanduku ahisi mtikisiko na kugeuka, ingawa anajua fika kwamba mwenzake anasikia. Ni mazoea.

"Nani anawafundisha wazazi kugomba?" aliuliza kwa ishara.

"Kugomba? Hayo ni masomo ya Mwalimu Mwanya."

"Nionyeshe."

Mama Kisanduku akafungua somo la kwanza. Mpishi akaangalia, akaangalia tena, akatikisa kichwa.

"Mikono ni yake," alisema mpishi. "Lakini imekasirika. Imemkasirikia nani?"

Wanaosikia hujua hasira kwa sauti iliyopanda. Katika lugha ya ishara, sauti hiyo iko kwenye mwendo. "Njoo" ya taratibu ni mwaliko. "Njoo" ya kukatwa ghafla ni ya mtu aliyeshika fimbo. Masomo yote 212 yalikuwa yanawakaripia watoto, na wazazi, kwa mapenzi yao yote, walikuwa wamekariri makaripio.

Chanzo chake kilikuwa kidogo mno. Ile namba ishirini na nne hakuna aliyeichagua. Ilikuja na programu ya kuchorea, na yule kijana wa chuo hakuigusa. Lakini kompyuta za shule wakati ule zilikuwa dhaifu, hazikuweza hata nusu ya mbio hizo. Mwalimu Mwanya hakujua habari ya namba. Alitazama mikono yake kwenye mashine dhaifu, akaongeza mchoro hapa, akatoa pale, mpaka mwendo ukawa na upole alioutaka. Upole ule ulikaa kwenye udhaifu wa mashine. Ikaja mashine yenye nguvu, ikatii namba, upole ukatoweka.

Mkuu wa shule aliposikia hakuzunguka. "Bora wazazi wasiwe na somo kuliko wawe na somo linalowatisha watoto," alimwambia Mama Kisanduku. Hakuyafuta siku hiyo. Alimpa muda mpaka siku ya kufunga shule. "Nionyeshe moja moja. Lililopona nitalihamisha. Ambalo halijapona, linazimwa pamoja na seva. Na mpishi ndiye atakayesema limepona au la."

Mama Kisanduku akamwandikia Kijiko kumwomba apunguze mbio. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo.

"Bibi Sanduku la Mizigo," aliandika Kijiko. "Umeniandikia mara kumi na moja kwamba inaburura miguu. Nimetokwa jasho wiki mbili. Leo unataka nikurudishie ukonokono?"

Baada ya utani akaja na neno zito. Kanuni yao, alisema, ni kulitii faili. Faili likisema ishirini na nne, ni ishirini na nne. Wakianza kuhifadhi na ubovu wa kompyuta za zamani, watakomea wapi?

Mama Kisanduku alichukua siku mbili kuandika barua yake. Anayo nakala kwenye daftari la mraba, na sehemu yake inasema hivi: "Mwalimu hakuiona namba. Aliiona mikono yake. Alichora akitazama mashine ya hapa, kwa hiyo mashine ile nayo ilichora. Mkilitii faili mtakuwa mmehifadhi michoro yote, na mtoto ataendelea kumkimbia baba yake. Mimi ndiye niliyekosea kuwaambia muikimbize. Nisameheni, lakini msimwache mtoto akaadhibiwa kwa kosa langu."

Zikapita siku tatu. Ya nne, Kijiko akaandika.

"Nimemsomea mke wangu barua yako. Ameniambia nisithubutu kumuuliza habari ya chakula mpaka nikuwekee. Nimeweka. Kuanzia sasa mwenye ukurasa anaweza kuchagua mbio za kila somo peke yake. Wewe ndiye wa kwanza kuitumia."

Likabaki swali moja: mbio kiasi gani? Bibi ilishakufa, na hakuna aliyewahi kuipima. Mpishi angeweza kusema "hapana" au "ndiyo", lakini masomo yenye miti na mawingu nyuma yake yalikuwa mazito, na kwenye mashine za zamani yalikwenda polepole zaidi. Namba moja isingeyatosha yote. Mtu pekee aliyekuwa na mwendo huo kichwani alikuwa mwenye mikono.

Mwalimu Mwanya anaishi umbali wa nusu saa kwa miguu, katika nyumba ya vyumba viwili yenye kiti kimoja cha kuegemea kilichowekwa karibu na dirisha. Ana miaka sabini na tisa. Baridi yabisi imevikunja vidole vyake vyote kumi. Ishara zake siku hizi, anasema mwenyewe, ni za mtu aliyevaa soksi mikononi.

Siku ya kwanza Mama Kisanduku alimwekea kompyuta ndogo mapajani, akafungua somo. Mwalimu akatazama.

"Mikono ya nani hii?"

"Yako, mwalimu."

Mwalimu akaitazama ya kwenye skrini, akaitazama iliyo mapajani. "Kumbe nilikuwa na vidole virefu," akasema. Kisha, baada ya ile mikono kupita mara ya pili: "Lakini mbona inafoka?"

Tangu hapo huenda kwake mara nne kwa wiki, saa tisa alasiri. Mwalimu hawezi tena kuonyesha mwendo kwa vidole, kwa hiyo huweka kiganja juu ya mkono wa Mama Kisanduku na kuubonyeza. Akibonyeza, punguza. Akiachia, simama hapo. "Bado," husema. "Bado... bado... hapo, hapo, usiguse." Namba huandikwa kwenye daftari. Somo la kitanda, picha kumi na moja kwa sekunde. Somo la mvua, lenye mawingu, nane. Asubuhi inayofuata mpishi huitwa kutoka jikoni kuthibitisha, na mpaka sasa amekataa matatu tu, nayo yamesharudiwa.

Macho ya mwalimu huchoka baada ya masomo matatu. Matatu kwa mara nne ni kumi na mawili kwa wiki. Kumi na mawili kwa wiki sita ni sabini na mawili. Hesabu inatimia, lakini inatimia bila nafasi ya siku hata moja ya mafua.

"Namwambia asitoke nje bila shali," anasema Mama Kisanduku. "Ananiambia, wewe unanipenda mimi au unapenda masomo? Namwambia, vyote, vaa shali."

Amefanya kazi kwa kufuata namba, la kwanza mpaka la 140, kwa sababu ndivyo mwalimu alivyoyapanga. Hivyo ndivyo alivyokusudia kuendelea mpaka Jumamosi hii.

Saa tatu asubuhi taa nyekundu iliyo juu ya mlango inawaka na kuzima mara tatu. Ndiyo kengele ya hapa. Wazazi wanaingia. Fundi wa kuchomelea yumo, wa mwisho, kofia mkononi.

Tangu siku ile amejifunza upya, taratibu, masomo yote yaliyopona. Anajua maji, kitanda, shule, dada, njaa. Binti yake humsogelea, lakini si karibu sana. Hukaa upande wa pili wa benchi na kujibu kwa ishara fupi fupi, kama anayejibu karani.

"Mama," anamwambia Mama Kisanduku kwa sauti yake ndogo. "Kuna somo la kuomba radhi?"

"Lipo. La 187."

"Nifungulie."

"Halijafikiwa, baba. Ni la wiki ya nne kutoka leo."

"Nifungulie hivyo hivyo nilione."

Anamfungulia. Kwenye skrini mikono ya sweta ya buluu inarushwa mara moja kifuani na kushuka, kama mtu anayefuta makombo ya mkate. Fundi anatikisa kichwa kabla halijamalizika. Miezi hii imemfundisha kuona.

"Hii siyo," anasema. "Nikimpa hii nitakuwa namwambia basi yaishe. Nitasubiri."

"Utasubiri wiki nne?"

"Yeye amenisubiri miaka saba nijifunze kusema njoo. Mimi wiki nne ni nini?"

Mama Kisanduku analifunga somo hilo. Anamwomba mpishi awaangalie wazazi, anaitia kompyuta ndogo kwenye mfuko wa sokoni, anaondoka kwa miguu.

Mwalimu Mwanya anashangaa kumwona. "Shikamoo, mwalimu," anasema mgeni akiwa bado mlangoni, pumzi juu.

"Marahaba. Leo si siku yetu."

"Najua. Kuna mtu anataka kumwomba mtoto wake radhi."

Mwalimu haulizi ni nani. Anasogeza kiti kuelekea mwangani na kunyoosha kiganja chake kilichokunjika.

Wanaanza na kumi na moja. Anabonyeza. Kumi. Anabonyeza. Tisa. Mikono kwenye skrini inagusa kifua, inazunguka, inashuka. Kiganja kinabonyeza tena.

"Punguza. Huyu bado anataka kuondoka zake."

Nane. Saba. Kwenye saba kiganja kinalegea, na mwalimu anaitazama mikono yake ya zamani ikizunguka juu ya sweta.

"Sasa anabaki," anasema. "Andika saba."

Ni namba ya chini kuliko zote zilizomo kwenye daftari, ingawa somo lenyewe halina hata wingu moja nyuma yake. Mama Kisanduku anamkumbusha hilo. Mengine yasiyo na mawingu yametulia kwenye kumi na moja.

"Basi miaka ile nilikuwa na haraka," anajibu mwalimu. "Niandikie saba."

Saa sita kasoro dakika kumi Mama Kisanduku amerudi shuleni. Mpishi anaangalia mara moja tu, anafuta mikono kwenye aproni, na kuinua kidole gumba. Fundi anajifunza kwenye mashine ya dirishani, jasho linamtoka kuliko mbele ya moto wa karakana. Kisha anatoka uani.

Binti yake yuko upande wake wa benchi. Fundi hapigi goti safari hii. Anakaa upande wa pili, anageuka, anaweka ngumi kifuani na kuizungusha, polepole, mara mbili. Mtoto anamtazama mikono, kisha uso, kisha mikono. Anasogea. Anamshika baba yake kidole gumba, ambacho kilikuwa kimechomoza vibaya, anakikunja mahali pake, na kumwashiria: rudia.

Fundi anarudia. Anarekebishwa tena. Rudia. Kufikia saa saba wako karibu kiasi kwamba mtoto anatumia goti la baba yake kama meza ya kuwekea kikombe.

Mama Kisanduku ameyaona hayo kupitia dirisha la chumba cha kompyuta, huku akifunika mashine. Anasema yamemtoa kwenye njia aliyokuwa akiifuata.

"Nimeacha namba," anasema. "Nilikuwa naelekea somo la 141. Unajua la 141 ni nini? Kabati. Nani anamngoja mtoto wake kwa hamu ili amwambie kabati?"

Ameweka daftari jipya mlangoni, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila mzazi aliyetoka leo ameombwa aandike jambo ambalo anataka kumwambia mtoto wake kuliko yote, na ambalo bado hana mikono ya kulisemea. Kurasa mbili zimejaa. Kuna aliyeandika "Usiogope daktari." Kuna aliyeandika "Nani amekupiga?" Bibi mmoja asiyejua kuandika amechora mtoto amelala na mtu amemfunika shuka.

Hesabu ya wiki sita imepata nafuu ya somo moja tu. Masomo bado ni mengi, macho ya mwalimu bado ni yale yale, na mkuu wa shule hajaongeza siku. Mama Kisanduku anatumaini kuyamaliza yote. Ila sasa, anasema, kama kuna yatakayozimika na seva, basi yawe kabati na wenzake.

Jumatatu saa tisa alasiri atakuwa kwa Mwalimu Mwanya na masomo matatu. Ameshayapanga kwa kufuata daftari la mlangoni. La kwanza ni "Nisubiri, nitarudi."

"Hilo haliwezi kungoja," anasema, akivuta kitambaa juu ya mashine ya mwisho. "Aliyeliandika ni mama wa mtoto wa darasa la kwanza, na anasafiri Jumanne."